Ndege mwenye kifaa ku mugongo si mupelelezi: namna tai na vipanga wa Ulaya wanafuatwa mpaka Mashariki ya Congo

Kila mwaka, tangu mwezi wa tisa mpaka mwezi wa kumi na moja, ndege wakubwa wanapita juu ya milima ya Mashariki ya Congo wakielekea kusini. Tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa ine, wanapita tena, safari hii wakielekea kaskazini. Wakaaji wengi wanawaona na kufikiri ni mwewe wa kila siku, wale wa kuiba vifaranga. Kumbe kati yao kuko wageni waliozaliwa Ufini, Poland, Ujerumani ao Urusi. Na wamoja kati ya hao wageni wanabeba ku mugongo kifaa kidogo chenye antena.

Hapo njo shida inaanza. Katika majimbo yenye vita, kitu chochote chenye kupita hewani na chenye antena kinaogopesha. Watu wamezoea kusikia habari za drone, si habari za ndege wa watafiti. Muvuvi ao mukulima mwenye kuokota ndege wa namna hiyo anaweza kujiuliza: "Nikionyesha hii kitu, si watasema niko natumika na waadui?" Basi anamuzika ndege na kifaa chake, ao anatupa vyote mu maji, na habari inapotea kabisa.

Ndege hawa wanatoka wapi, kifaa kinafanya kazi gani, na mutu afanye nini siku anapomupata mumoja?

Wageni wenyewe ni nani?

Wa kwanza ni tai mudogo mwenye rangi ya udongo. Kwa Kifaransa wanamuita aigle pomarin. Anazaa Ulaya ya Mashariki, tangu Ujerumani na Poland mpaka Ukraine. Mutafiti Mujerumani Bernd-Ulrich Meyburg alianza kufuata tai hawa kwa njia ya satelite katika miaka ya 1990, na njia yao sasa inajulikana muzuri. Wanashuka kupitia Uturuki, Siria, Lebanon na Israeli, wanaingia Misri na Sudani, halafu wanapitia Uganda na mashariki ya Congo, Rwanda, Burundi ao Tanzania, mpaka Zambia, Zimbabwe na inchi zingine za kusini. Safari ya kwenda peke yake inaweza kufika kilomita 9 000 na zaidi.

Wa pili ni kipanga mwenye kula watoto wa mavu na wa nyuki. Wafaransa wanamuita bondrée apivore. Huyu hapendi savana sana. Anatafuta pori, na pori ya Congo ni moja kati ya makao yake makubwa wakati kule Ulaya kuko baridi. Anakaa kimya katikati ya miti, na hata mutu mwenye kuishi ndani ya pori anaweza kupitisha miaka mingi bila kujua kama iko naye. Wengine wao wanaendelea mbali zaidi. Jike mumoja wa Ufini, mwenye kuitwa Päivi, aliyewekwa kifaa mwaka wa 2011, alikuwa anapitisha majira ya baridi Afrika Kusini. Watu wengi ulimwenguni walimujua wakati ramani ya safari yake ilizunguka ku intaneti: zaidi ya kilomita 10 000, kutoka Afrika Kusini mpaka Ufini, kwa siku karibu 42.

Wa tatu ni balbuzard, mwenye tumbo nyeupe na mustari mweusi ku macho. Chakula chake ni samaki tu. Wavuvi wa maziwa na mito mikubwa ya Afrika wanamujua, maana wanavua mahali pamoja naye.

Watafiti wa Ulaya wanasema ndege hawa wanakuja Afrika "kupitisha baridi". Lakini kwa mukaaji wa hapa neno hilo halisemi kitu, maana wakati wanapofika kusini ni majira ya mvua. Tai mudogo anafuata mvua hiyo kabisa. Mvua inatoa kumbikumbi, vyura, na watoto wa kwelea kwelea ndani ya viota, na anashiba. Kule kwao udongo umefunikwa na teluji, vyura na panya wamejificha, mavu wamekufa. Kinachomufukuza Ulaya ni njaa, zaidi ya baridi yenyewe.

Kwa nini wanapitia hapa?

Ndege mukubwa hawezi kupiga mabawa siku nzima kwa kilomita 9 000, nguvu itaisha. Anatumia hewa ya moto. Jua linapopasha udongo, hewa inapanda juu sawa vile moshi wa makala. Ndege anaingia ndani ya hewa hiyo, anazunguka na mabawa wazi bila kuyapiga, anapanda mpaka juu sana, halafu anajiachilia kuteremka pole pole mbele mpaka mahali hewa ingine inapanda. Njo maana unawaona wakizunguka saa za muchana, na asubui mapema hauwaoni.

Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haiko. Kwa hiyo tai hawa wanakwepa bahari ya Mediterania na kupitia mahali penye inchi kavu: Istanbul, halafu Israeli na Suez. Kila mwaka karibu aigle pomarin wote wa ulimwengu wanapita katika uchochoro huo wa Israeli. Kiisha kupita jangwa, wengi wanafuata upande wa muto Nile na milima yenye kuzunguka maziwa makubwa. Mashariki ya Congo iko ku barabara hiyo.

Vijana wao hawaongozwi na wazazi siku zote. Kwa bondrée, wakubwa wanaondoka mbele, na mutoto wa miezi michache anabaki nyuma na kuondoka peke yake. Vifaa vilionyesha kama vijana wa Ufini wanaangukia kila upande, tangu Afrika ya Magharibi mpaka Congo, kadiri upepo ulivyowasukuma. Wale wenye kupona wanabaki Afrika kwa miaka yao ya kwanza, na wanarudia Ulaya wakati wako tayari kuzaa.

Tangu mushale mpaka satelite

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wanaenda wapi. Wamoja walisema wanalala chini ya matope ya ziwa. Mwaka wa 1822, karibu na muji mudogo wa Klütz, Ujerumani, waliua korongo mwenye mushale murefu umepita ku shingo yake. Mushale ulikuwa wa Afrika ya Kati. Ndege alichomwa huku, akaruka nao mpaka kule. Mpaka leo analindwa ku chuo kikuu cha Rostock. Kwa hiyo alama moja ya kwanza yenye kuonyesha safari ya ndege iliwekwa na muwindaji Mwafrika, bila yeye kujua.

Mwaka wa 1899, mwalimu mumoja wa Danemark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete za alumini zenye namba na anwani ku mguu. Pete inatumika mpaka leo. Ni bei ya chini, na haina batri. Lakini iko na ugumu wake: inasema kitu paka siku mutu anamushika ndege tena na kusoma namba.

Mwaka wa 1984, kule Marekani, watafiti walijaribu kumufuata tai kwa satelite. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vizito, na ndege wakubwa tu waliweza kuvibeba. Leo kuko vifaa vya gramu chache. Kanuni yenye kufuatwa sana ni kwamba kifaa kisipite asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa bondrée wa gramu 800, ni gramu 24. Ni sawa vile mama wa kilo 60 abebe ku mugongo muzigo wa kilo 1 na gramu 800. Kifaa kinafungwa na mikanda laini yenye kupita chini ya mabawa, sawa mukoba wa mwanafunzi.

Kifaa kinaongea namna gani?

Kuko namna mbili kubwa.

Ya kwanza ni Argos, mupango wa Wafaransa na Wamarekani wenye kutumika tangu 1978, na kituo chake kikubwa kiko Toulouse, Ufaransa. Kifaa kinatuma sauti ya redio, na satelite yenye kupita kilomita karibu 850 juu ya dunia inaipokea. Satelite inajua mahali pa ndege namna gani? Fikiri klakson ya lori: likikukaribia sauti iko nyembamba, likikupita sauti inashuka. Satelite nayo inasikia sauti ya kifaa inabadilika wakati inapita juu yake, na kompyuta inahesabu mahali. Hesabu hiyo inaweza kukosea mamia ya metre, saa zingine kilomita kadhaa.

Ya pili ni GPS yenye karte SIM, sawa telefone. Kifaa kinaandika mahali ndege iko, kinatunza habari ndani, na kinapopata réseau kinatuma yote kwa pamoja. Batri inajazwa na jua kwa njia ya kipande kidogo cha solaire. Ndege akiingia ndani ya pori ao mahali bila antena za telefone, watafiti wanabaki bila habari kwa wiki, hata miezi. Wanangoja tu, sawa familia yenye kungoja mutu aliye safarini mahali bila réseau.

Kuna habari moja yenye ilichekesha ulimwengu. Mwaka wa 2019, watafiti wa Urusi walikuwa wanafuata tai wa nyika. Jike mumoja, mwenye jina Min, alipitisha majira ya joto Kazakhstan mahali pasipo réseau. Ujumbe ulirundikana ndani ya kifaa. Halafu aliruka mpaka Iran, akapata réseau, na kifaa kikatuma SMS zote za miezi ile kwa bei ya inchi ya kigeni. Unités za watafiti zikaisha zote. Waliomba watu wawachangie, na kampuni ya telefone ya Urusi ikakubali kuwasaidia deni.

Jambo moja lieleweke muzuri: kifaa cha kawaida cha tai hakina kamera, hakina mikro, hakisikilizi mazungumuzo ya mutu. Kinaandika mahali, saa, na mara zingine mwendo, joto na urefu wa kupanda.

Hiyo kazi inasaidia nani?

Mufano wenye kujulikana sana unatoka Amerika. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani waliona kipanga mwenye kuitwa buse de Swainson anarudi kidogo kila mwaka, na hawakujua sababu. Mwaka wa 1994 waliweka vifaa vya satelite, na vifaa vikawaongoza mpaka mashamba ya Argentina. Walikuta chini ya miti ndege waliokufa kwa mamia, na katika majira ya 1995–1996 kwa maelfu. Wakulima walikuwa wanapulizia dawa yenye kuitwa monocrotophos ili kuua panzi. Ndege walikula panzi wale, wakafa nao. Dawa ile iliondolewa ku mashamba, na vifo vikapungua sana. Dawa yenye kuua kipanga haiko nzuri hata kwa mukulima mwenye kuibeba ku mugongo bila kinga. Ndege alionyesha hatari ya watu pia.

Mufano mwingine ni wa India, ku kijiji cha Pangti, jimbo la Nagaland. Mwaka wa 2012 watu waliwanasa kule makumi ya maelfu ya faucon de l'Amour, ndege mudogo mwenye kupitia hapo akielekea Afrika. Nyama yao ilikuwa chakula na franga. Mwaka wenye kufuata, wakubwa wa kijiji walikubali kuacha, na ndege watatu waliwekewa vifaa na kupewa majina ya hapo: Naga, Wokha na Pangti. Wenyeji walifuata namna ndege "wao" walivuka bahari mpaka Somalia na Kenya, wakashuka kusini ya Afrika. Mwaka wa 2014 wamoja wao walirudi kupitia hapo tena.

Na kuko somo moja lenye mutu wa Mashariki ataelewa haraka. Wakati vita vilipanuka Ukraine mwaka wa 2022, kulikuwa tai 19 wenye vifaa, wa aina ya aigle criard, wenye kupita inchi ile kwenda kuzaa. Watafiti walilinganisha safari zao na zile za miaka ya mbele, na mwaka wa 2024 wakatangaza matokeo. Tai walikwepa mahali pa mapigano, wakaongeza karibu kilomita 85 kila mumoja. Zamani, 18 kati ya 20 walikuwa wanasimama Ukraine kupumuzika na kula. Mwaka ule walisimama 6 tu kati ya 19. Walifika kwao wamechelewa na wamechoka. Hata ndege anakimbia masasi, na anapoteza chakula na nguvu ya kulea watoto.

Ndege waliokamatwa kama wapelelezi

Woga wa watu wa hapa hauko wa ajabu. Umetokea katika inchi zingine pia.

Mwaka wa 2011, Arabia Saudia, walikamata tumbusi mwenye kifaa cha chuo kikuu cha Tel Aviv. Magazeti yakasema ni mupelelezi. Mwana-mufalme mwenye kusimamia mambo ya wanyama alitoka kueleza kama ni utafiti tu. Mwaka wa 2013, kule Uturuki, kipanga mudogo mwenye pete ya Israeli alipelekwa ku hopitali na kupitishwa ku radiographie. Hawakukuta kitu ndani, wakamuachilia. Mwaka ule ule, Misri, korongo mumoja aliwekwa ku polisi sababu ya kifaa chake. Walimuachilia kiisha uchunguzi, lakini siku chache nyuma aliuawa na kuliwa.

Kuna wale wenye kutafuta faida pia. Mwaka wa 2018, kifaa cha korongo wa Poland mwenye jina Kajtek kilionekana Sudani. Mutu alitoa karte SIM, akaiweka ku telefone yake, akapiga simu kwa saa 20. Facture kubwa ikafika kwa watu wa Poland. Wengi walicheka, lakini mpaka leo hakuna mwenye alijua korongo alikufa namna gani.

Ukimupata, ufanye nini?

Kwanza, angalia kama kifaa kiko kweli ku mwili wa ndege. Kwa kawaida ni kidogo kuliko boite ya kibiriti ao karibu sawa nayo, kiko na kipande cheusi cha solaire juu, na antena nyembamba sawa waya wa gitare. Ku pembeni kuna namba, mara nyingi na anwani ya barua pepe. Ku mguu kunaweza kuwa pete yenye namba na jina la muji, sawa Helsinki, Stockholm, Radolfzell ao Paris.

Lakini ukikuta kitu cha chuma ao chenye waya kimelala peke yake chini, bila ndege, na haukijui: usikiguse, fukuza watoto hapo, na julisha wakubwa wa mahali. Katika majimbo haya mabaki ya silaha yangaliko mu mashamba, na hakuna ndege mwenye bei ya mukono wa mutoto.

Kama ndege angali muzima:

– Mufunike kichwa na nguo. Macho yakifunikwa anatulia. Jilinde na kucha zake zaidi kuliko mudomo.
– Muweke ndani ya karton yenye matundu, mahali penye kivuli na kimya. Usimulazimishe kula wala kunywa.
– Usitoe kifaa wala pete.
– Ita watu wa ICCN wenye kuwa karibu, ao chef wa localité, na ufanye hivyo mbele ya mashahidi wawili ao watatu. Ukionyesha wazi tangu mwanzo, ni vigumu mutu akusingizie kama ulificha kitu.

Kama amekufa:

– Usimule, hata kama angali anaonekana muzuri. Ndege mwenye kula nyama anaweza kufa na sumu, na sumu hiyo inabaki ndani.
– Andika namba za pete na za kifaa, piga picha kama iko telefone, na andika tarehe, kijiji, na namna ulimukuta: karibu na waya za umeme, ku shamba lililopuliziwa dawa, na alama ya risasi, ao mu maji.
– Usifungue kifaa wala usikitupe mu moto. Batri za namna hii zinaweza kupasuka.
– Peana habari kwa ICCN, kwa shule yenye mwalimu wa biolojia, ao ku redio ya mahali. Namba ya pete inatosha kwa kutafuta mwenye ndege, hata miaka mingi nyuma.

Watu wasingoje malipo kwa ajili ya hiyo. Mara nyingi kinachorudi ni barua yenye kueleza ndege alizaliwa wapi, mwaka gani, na alipita njia gani.

Kwa mutafiti wa Helsinki ao Berlin, tai akikufa katika milima ya hapa anaona kitu kimoja tu: alama moja ku ramani yenye haitembei tena. Labda mikanda imekatika, kifaa kimeanguka na ndege iko muzima. Labda ni sumu, ao waya za umeme, ao risasi. Satelite haiwezi kusema, na mutafiti hawezi kila mara kufika mahali penye usalama mudogo. Mwenye kuweza kusema ni mukulima, muvuvi ao muchungaji mwenye kupita hapo asubui ile, akainama, na kusoma namba.